Chembe nyeupe 180? Acha antibaiotiki, omba slaidi isomwe
Maswali na majibu kuhusu vipimo vya saratani sugu ya damu

Swali: CML ni ugonjwa gani?

CML (chronic myeloid leukemia) ni saratani ya uboho, mahali damu inapotengenezwa ndani ya mifupa. Kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, jeni mbili (BCR na ABL1) zikaungana, na jeni hiyo mpya huamuru chembe nyeupe zizaliwe bila kikomo. Hairithiwi wala haiambukizi. Kromosomu fupi ya 22 iligunduliwa mwaka 1960 mjini Philadelphia, Marekani, ikapewa jina la mji huo.

Swali: FBP yangu (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) inasema chembe nyeupe 180. Nimeambiwa ni maambukizi, nimepewa antibaiotiki.

Mtu mzima mwenye afya huwa na 4 hadi 11 hivi, yaani chembe 4,000 hadi 11,000 kwa maikrolita moja ya damu. Nimonia kali inaweza kuzipandisha hadi 20 au 30. Kupita 50 kwa maambukizi pekee ni nadra. 180? Hapana.

Wagonjwa wanafika na karatasi tatu za FBP mkononi: 90, kisha 130, kisha 180. Kila moja ilifuatiwa na dozi ya antibaiotiki, na hakuna aliyewahi kuweka tone la damu hiyo kwenye slaidi, kioo cha hadubini. Antibaiotiki haishushi chembe hizi. Dozi ya pili haizishushi. Sindano za siku saba hazizishushi. Omba slaidi isomwe.

Swali: Lakini nilipomaliza dozi homa iliisha.

Homa huja na kuondoka yenyewe. Rudia FBP. Kama namba bado iko juu, ugonjwa upo palepale, na umepoteza wiki mbili.

Swali: Mashine si imeshahesabu? Slaidi ya nini tena?

Mashine inahesabu, haitambui. Nyingi zilizoko kwenye vituo vidogo hugawa chembe nyeupe makundi matatu kwa kufuata ukubwa tu, kwa hiyo seli changa hujificha kwenye kundi la kati bila mtu kushtuka. Kuna mtego mwingine: chembe zikiwa nyingi mno, sampuli huwa na ukungu na mashine husoma himoglobini juu kuliko ilivyo. Mgonjwa aliyepungukiwa damu anaonekana mzima. Mtaalamu makini huizimua sampuli, huipima upya, kisha huzidisha majibu kwa kiwango alichozimulia.

Slaidi itengenezwe ndani ya saa chache tangu damu itolewe. Damu iliyolala kwenye kichupa hadi kesho yake huwa na seli zilizoharibika umbo. Tone dogo, litandazwe jembamba, likauke, lipakwe rangi ya Leishman au Giemsa, kisha zihesabiwe seli nyeupe 200. Katika CML utaziona seli za kila umri kwa pamoja, changa hadi zilizokomaa, na basofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, zimeongezeka. Basofili ndizo zinazoumbua ugonjwa huu, maana maambukizi ya kawaida hayaziongezi hivyo. Blasti, yaani seli changa kabisa, zikiwa chini ya asilimia 10, ugonjwa huwa bado katika hatua sugu, hatua inayotibika vizuri kwa vidonge. Zikifika asilimia 20 umegeuka kuwa mkali, na hapo vidonge peke yake mara nyingi havitoshi. Muda wa kati ndio unaoliwa na antibaiotiki.

Swali: Tumbo limevimba upande wa kushoto. Si bandama ya malaria?

CML nayo huvimbisha bandama. Mtu mzima mwenye bandama iliyofika kitovuni, anayekonda na kutoka jasho usiku, apimwe FBP leo, si baada ya dozi nyingine ya malaria. Hata slaidi ya malaria ingeweza kumwokoa: msomaji huhesabu vimelea hadi afikishe chembe nyeupe 200, akichukulia kuwa mgonjwa ana chembe 8,000 kwa maikrolita. Zikijaa 200 ndani ya uwanja mmoja au miwili wa hadubini, asiandike tu "hakuna vimelea" na kuita mgonjwa mwingine. Amwambie daktari.

Na tafadhali, bandama haikandwi wala haichanjwi chale. Ikipasuka, damu humwagikia tumboni.

Swali: Naogopa kutobolewa uti wa mgongo.

Hakuna anayegusa uti wa mgongo. Sindano ya uboho huingia kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma, baada ya ganzi, na husaidia kujua hatua ya ugonjwa. Jeni yenyewe hutafutwa kwa PCR, kipimo kinachoinakili mara nyingi hadi ionekane, na damu ya mkononi inatosha. Itolewe kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau. Cha kijani kina heparini, nayo huvuruga PCR. RNA, yaani nakala ya jeni inayopimwa, huvunjika upesi, hivyo sampuli ifike maabara ndani ya saa 24 na isigandishwe. GeneXpert, mashine ileile ya TB, inaweza kufanya kipimo hiki ikiwekewa katriji yake maalumu; katriji ya makohozi haifai. Majibu ya TB kuwa "hasi" hayasemi lolote kuhusu CML.

Swali: Natumia imatinibu, kidonge cha CML, chembe zimerudi 7. Niache?

Usiache. FBP hutulia mapema, jeni ikiwa bado imo. Kinachotazamwa ni kiwango cha jeni hiyo kwenye PCR ya kila miezi mitatu: asilimia 10 au chini katika mwezi wa 3, 1 au chini katika mwezi wa 6, 0.1 au chini katika mwezi wa 12. Ikikwama juu ya hapo, swali la kwanza la daktari ni kama unameza kila siku. Mjibu ukweli, kwa sababu akidhani unameza atabadilisha dawa ambayo haikuwa na kosa.

Ukija kliniki leta karatasi zote za FBP, hata za miaka iliyopita na zilizochanika. Namba zikipangwa kwa tarehe huonyesha chembe zilianza kupanda lini.