Runinga ya bei nafuu: geuza uone mgongo wake

Malalamiko kuhusu runinga za bei nafuu yamezidi kwenye dawati letu, na mengi yanafanana: mnunuzi aliamini boksi.

"4K" iliyochapishwa kwenye boksi mara nyingi inamaanisha kwamba runinga inaweza kusoma faili la 4K na kulipunguza. Kioo chenyewe ni cha nukta 1366 × 768. 4K halisi ni 3840 × 2160, na muuzaji akuonyeshe tarakimu hizo kwenye maelezo ya modeli, ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mgongoni. Kwa inchi 32 usijisumbue. Ukikaa mita tatu hutaona tofauti. Inchi hupimwa kwa mshazari, kioo peke yake bila fremu: 32 ni sentimita 81 hivi.

Na jamani, "LED" si aina nyingine ya kioo. Ni LCD ile ile, kioo kisichotoa mwanga wake chenyewe, inayomulikwa na vitaa vidogo kwa nyuma, na runinga rahisi huanza kufa hapo. Vitaa hivyo huunganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo kimoja kikiungua kioo chaweza kuwa giza chote huku sauti ikiendelea. Mulika tochi kwenye kioo: ukiona picha hafifu, taa ndizo zimekufa, kioo ni kizima, na ukarabati ni wa kubadilisha mikanda ya taa. Runinga nyingi hutoka kiwandani taa zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho ili zing'ae dukani. Shusha "Backlight", yaani mwanga wa taa hizo, hadi 60 au 70 siku ya kwanza. Kupunguza "Brightness" katika runinga nyingi hubadilisha weusi wa picha tu, taa zikaendelea kuchemka vile vile.

Dukani, nenda na flashi yenye picha tupu za rangi moja moja. Nyeupe hufichua madoa, nyeusi huonyesha mwanga unaovuja pembeni, nyekundu, kijani na bluu hufichua nukta zilizokufa. Hakikisha pia inapokea DVB-T2, mfumo wa matangazo ya dijitali yanayonaswa kwa antena. Runinga kuukuu kutoka Ulaya nyingi zina DVB-T pekee, mfumo wa zamani, na hizo zitahitaji king'amuzi.

Kibandiko cha ISM, alama ya ubora wa bidhaa za kutoka nje inayotolewa na KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), kinasema bidhaa iliyoagizwa imetimiza kiwango. Hakisemi picha ni nzuri, wala hakiwezi kulaumiwa kwa spika dhaifu.

Ukishuku ni ghushi, andaa risiti yenye modeli na namba ya utambulisho, picha ya kibandiko cha mgongoni, na nakala ya barua uliyompa muuzaji ikiwa na tarehe. Bila namba hiyo, faili la malalamiko halifunguliwi. Chini ya Sheria ya Kenya ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008, muuzaji anayepatikana na hatia mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja, au vyote viwili. Akirudia, kifungo hufika miaka 15 na faini mara 5. Aliyenunua kwa matumizi ya nyumbani hashtakiwi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuificha.

Usimpe fundi wa mtaani aifungue kwanza. Lakiri ikishakatwa, muuzaji atasema ubovu umetoka kwa fundi, na sisi hatutakuwa na la kumjibu.