Steringi hafi? Kamuulize Amitabh Bachchan

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na sheria moja isiyopingwa: steringi, yaani shujaa mkuu wa filamu, hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho lazima amkamate adui na kulipiza kisasi. Ajabu ni kwamba yule tuliyemhesabu kuwa steringi wa masteringi, mwigizaji wa India Amitabh Bachchan, ndiye aliyeivunja sheria hiyo kuliko wenzake.

Mwaka 1975 alikufa mara mbili. Katika filamu ya Deewaar ni kuli wa bandarini mwenye kibati cha namba 786, namba ambayo Waislamu wa kwetu hawahitaji kuelezwa maana yake: inasimama badala ya Bismillahi. Kibati kile kiliwahi kumkinga na risasi. Siku kinapomponyoka mkononi, anapigwa risasi na mdogo wake wa damu, askari polisi, naye anakata roho hekaluni akiwa amepakatwa na mama yake. Katika Sholay anabaki peke yake kuwazuia majambazi ili rafiki yake akalete risasi. Nani abaki, nani aende? Walirusha sarafu. Amitabh ameshakufa ndipo rafiki anaigeuza ile sarafu na kuona kichwa pande zote mbili. Mwenge hakuna. Mimi hapo ndipo nilipolia, na banda zima likanicheka.

Kwa sababu ya sura hizo za ukuli na uhuni, wengi waliamini ametoka uswahilini. Wapi! Amezaliwa Allahabad mwaka 1942, baba yake Harivansh Rai ni mshairi mkubwa wa Kihindi aliyechukua udaktari wa falsafa Cambridge. Hata hilo "Bachchan" si jina la ukoo. Ukoo wao ni Srivastava, na Bachchan lilikuwa jina la kalamu la mzee. Kijana mwenyewe, kabla ya filamu, alikuwa na kazi ya ofisini Calcutta, tena yenye mshahara mzuri.

Wala hakuwa staa wa kulala na kuamka. Filamu yake ya kwanza ni ya 1969, na nyingi zilizofuata zilianguka. Zanjeer, iliyomtoa mwaka 1973, aliipata baada ya mastaa waliomtangulia kuikataa.

Kuhusu nyimbo, samahani kwa mtakaoumia: sauti mliyokuwa mkiiga harusini mara nyingi ilikuwa ya mwimbaji Kishore Kumar. Amitabh alifuatisha kwa midomo tu. Lakini wanaosema hajawahi kuimba kabisa nao wamekosea, maana wimbo wa Mere Paas Aao wa filamu ya Mr. Natwarlal (1979) ni koo lake mwenyewe, na Rang Barse ya Silsila (1981) pia. Hiyo ya pili hata maneno yameandikwa kwa jina la baba yake.

Sasa tuje kwenye "ngumi za Kihindi ni maigizo matupu". Tarehe 26 Julai 1982, Bangalore, walikuwa wakipiga picha ya filamu ya Coolie. Mwigizaji mwenzake, Puneet Issar, alitakiwa kumtandika ngumi, na Amitabh aangukie meza. Hesabu ikakosewa, na pembe ya meza ikamwingia tumboni ikapasua utumbo. Kuna waliovumisha kwamba alikufa pale pale na kwamba tunayemwona ni mwingine. Hakufa, ingawa katika hospitali ya Breach Candy, Bombay, madaktari walikaribia kukata tamaa, na India nzima ilikuwa kwenye dua.

Hadithi ya Coolie ilipangwa imalizike kwa kifo chake. Mwongozaji Manmohan Desai akaona haiwezekani: mtu ametoka kuponea chupuchupu, halafu wewe umuue kwenye skrini? Akageuza mwisho, steringi akapona. Ukiitazama filamu utaona picha inaganda kidogo kwenye ile ngumi, na maandishi yanaeleza kuwa hapa ndipo alipoumia.

Watu hudhani alipotoka hospitali yakawa yamekwisha. Alikuwa ameongezewa damu ya watu wapatao 200, na mmoja wao alikuwa na homa ya ini aina ya B. Amitabh alikuja kugundua karibu miaka 18 baadaye, katika vipimo vya kawaida. Robo tatu ya ini lake ilikuwa imeshakwisha. Ameigiza Black, Paa na Piku kwa robo iliyobaki.