Modeli ya kuachana na umeme wa makaa ya mawe ni nini?

Serikali ikitangaza kwamba mtambo wake wa mwisho wa makaa ya mawe utazimwa mwaka fulani, mara nyingi tarehe hiyo imetoka kwenye modeli: programu ya kompyuta inayokokotoa mitambo ipi ifungwe, lini, na ijengwe ipi mahali pake, ili umeme usikatike na gharama ya jumla iwe ndogo kadiri iwezekanavyo.

Wengi huichukulia kama utabiri. Sivyo. Modeli hujibu maswali ya "ikiwa": ikiwa matumizi yatakua kwa kasi hii, ikiwa bei ya betri itashuka kiasi hiki, basi njia nafuu ni hii. Ukigusa sharti moja, jibu nalo huhama.

Ugumu wenyewe uko kwenye saa. Chukua mtambo wa makaa wa megawati 1,000 unaozalisha kwa wastani asilimia 70 ya uwezo wake. Kwa paneli za jua zenye wastani wa asilimia 25, utahitaji megawati 2,800 kupata umeme uleule kwa mwaka. Hesabu imekaa sawa, hadi ifike saa mbili usiku: watu wako nyumbani, taa na majiko vimewashwa, na megawati zote 2,800 zinatoa sifuri. Modeli inayojumlisha mwaka mzima hailioni pengo hilo. Ndiyo maana modeli nzuri hupita saa kwa saa, au angalau hupima siku chache za kila msimu, na kila saa hudai uzalishaji ulingane na matumizi. Hapo ndipo betri, mabwawa na nyaya za kuvuta umeme kutoka nchi jirani zinapoonekana thamani yake.

Namba nyingine, ambayo haipigiwi kelele, ni kiwango cha riba, yaani asilimia ambayo modeli hutumia kupunguza kila mwaka uzito wa gharama za baadaye. Jua na upepo hudai fedha nyingi mwanzoni. Makaa hununuliwa kila mwaka, miaka nenda rudi. Gharama ya 100 itakayolipwa baada ya miaka 20 huhesabiwa leo kama 38 hivi kwa riba ya asilimia 5, lakini 15 tu kwa asilimia 10. Riba ikipanda, makaa ya kesho yanaonekana ya bei nafuu. Mimi nikishika ripoti ya namna hii huitafuta namba hiyo kwanza, michoro ya rangi baadaye.

Kuna pia mipaka inayowekwa kwa mkono. Afrika Kusini hutegemea makaa kwa takribani asilimia 80 ya umeme wake, na mpango wake wa umeme wa 2019 uliweka kikomo cha ujenzi kwa mwaka: megawati 1,000 za jua na 1,600 za upepo. Kompyuta haikukigundua kikomo hicho, iliamriwa. Huenda kina sababu zake, ila ni uamuzi wa watu na msomaji anastahili kuambiwa hivyo.

Kuna na suala la ajira. Kituo cha umeme wa makaa cha Komati, mkoani Mpumalanga, Afrika Kusini, kilizimwa Oktoba 2022. Kwenye modeli ya umeme, tukio hilo ni mstari mmoja tu: megawati zimetoka. Ajira hukokotolewa kando, kwa modeli ya pili, nayo inaweza kuonyesha kwamba upepo utaleta kazi nyingi. Lakini jumla ya kitaifa haisemi kwamba mashamba ya upepo ya nchi hiyo yako zaidi kwenye mikoa ya Cape, mamia ya kilomita kutoka migodi ya makaa ya Mpumalanga.