Reli ya kiwango na reli ya kasi ni vitu viwili

Wiki hii nimesikia tena: treni zimezibwaga ndege kati ya London na Paris "kwa sababu wenzetu wana SGR" (Standard Gauge Railway, yaani reli ya kiwango), na sisi reli yetu ikishafika Kigali mambo yatakuwa vilevile. Hapana, tusichanganye.

Reli ya kasi ni njia mpya iliyojengwa ili treni ikimbie kilomita 250 kwa saa au zaidi. Njia ya zamani iliyoboreshwa huhesabiwa kuanzia 200. Hiyo ndiyo maana yake.

SGR haisemi lolote kuhusu mwendo. Tunaiita "reli ya kiwango cha kimataifa", na nadhani neno "kiwango" ndilo linalotuponza. Masikioni mwetu kiwango ni ubora: mchezaji yuko kwenye kiwango, bidhaa haina kiwango. Hapa lakini ni kipimo tu cha nafasi kati ya vyuma viwili, milimita 1,435, kilichoenea kutoka Uingereza enzi za treni za mvuke zilizokokota makaa. Dar es Salaam hadi Dodoma ni 1,435, na imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa. Mombasa hadi Nairobi ni 1,435 pia, na treni ya abiria hufika 120. Urusi wanatumia 1,520, ambayo si SGR kabisa, na treni yao ya Sapsan kati ya Moscow na Saint Petersburg hufika 250.

London na Paris wenyewe wanatoa ushahidi mzuri zaidi. Treni ya Eurostar inayounganisha miji hiyo ilipoanza mwaka 1994, safari ilichukua kama saa 3. Upande wa Ufaransa ilikimbia 300, ikivuka kuingia Uingereza ikapanda njia kuukuu zenye kona nyingi na kubanana na treni za kawaida za abiria. Mwaka 2007 Waingereza wakamaliza njia mpya hadi kituo cha St Pancras, safari ikashuka hadi saa 2 na dakika 15. Treni zilikuwa zilezile. Upana wa reli ulikuwa uleule, 1,435. Kilichobadilika ni njia: kona pana na mitambo ya kuongozea treni iliyotengenezwa kwa kasi hiyo.

Ndege angani bado ina kasi kuliko treni yoyote ile. Inachopoteza ni muda wa kwenda uwanjani, foleni za ukaguzi na kungoja mizigo. Eurostar nayo ina ukaguzi wa pasipoti, ila unamalizika kituoni kabla ya kupanda, na ukishuka uko katikati ya jiji. Kati ya Paris na Brussels, treni ya kasi hutumia chini ya saa moja na nusu, na Air France iliacha kurusha ndege hapo mwaka 2001, ikawapa abiria wake viti vya treni.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyetoka Dodoma, sema umepanda SGR, au treni ya umeme, na utakuwa sahihi kabisa. Hata "mwendokasi", kama tunavyoyaita mabasi ya Dar, sina ugomvi nalo. Ila "reli ya kasi", ile inayoshindana na ndege, bado hatujaijenga.