Laini ya kukodi ni yako peke yako, ila njia ni moja

Wateja wanaponiita kuhusu laini ya kukodi, yaani faiba ambayo kampuni haigawani na mtu mwingine, huanza na bei. Ni ghali kweli, mara kadhaa kuliko intaneti ya kawaida ya kasi hiyohiyo, na kama kazi yenu ni barua pepe na mikutano michache ya video, basi mtakuwa mnalipia kitu msichokitumia.

Mimi hukimbilia ile 99.9% iliyoandikwa kwenye mkataba, yaani sehemu ya muda ambayo mtoa huduma anaahidi laini itakuwa inafanya kazi. Piga hesabu: mwaka una saa 8,760, kwa hiyo mtandao unaweza kukatika karibu saa 9 na mtoa huduma akabaki hana kosa. Saa zote hizo zinaweza kuangukia siku moja, siku ya mishahara. Zikizidi, fidia hukatwa kwenye ada ya mwezi tu. Mauzo yaliyopotea hayamo. Angalia pia kipimo kinaishia wapi, maana mara nyingi huishia mpakani mwa mtandao wa mtoa huduma, si kwenye seva mnayoitegemea.

Halafu kuna waya wenyewe. Niliwahi kuhudumia ofisi yenye laini mbili za kampuni mbili tofauti, wakiamini wamejikinga. Katapila likachimba barabara ya nje, laini zote mbili zikakata dakika ileile. Shimo lilipofunuliwa, tukakuta nyaya zote zimepita bomba moja. Fundi aliinama juu ya mashine akiunga nyuzi za kioo moja baada ya nyingine, kila uzi na ganda lake kama robo milimita tu, ofisi nzima ikisubiri. Tangu siku ile sikubali laini ya pili kabla sijaona ramani ya njia yake kuanzia mlangoni mwa jengo. Afadhali ya akiba iwe intaneti ya simu au ya setilaiti, hata ikiwa ya polepole.

Mikataba mingi ni ya miaka 3 hadi 5. Mkihama kabla ya muda, mtadaiwa ada ya miezi iliyobaki, na huko mwendako mtasubiri tena vibali na uchimbaji, pengine miezi kadhaa. Kama jengo ni la kupanga, wekeni mkataba wa pango na wa laini mezani pamoja, mlinganishe tarehe za mwisho kabla ya kutia sahihi.