Koala Hanyweshwi kwa Chupa: Dhana Potofu za Wanaotaka Kujitolea

Kila ninapowapokea watu wapya wanaotaka kujitolea kuokoa koala, mnyama wa mitini anayebeba mtoto wake mfukoni, hapa katika jimbo la New South Wales, Australia, hukosi anayeuliza abebe chupa ngapi za maji. Ameziona picha zilizosambaa wakati wa moto wa nyika wa 2019 na 2020, koala akinyweshwa kando ya barabara, naye ameamua kwamba huko ndiko kuokoa. Nimelijibu swali hilo kwa miaka mingi, na sasa ninaliandikia jibu refu kwa sababu dhana hii huua, na mnyama huyu, ambaye tangu Februari 2022 ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka katika Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu, Canberra, hana ziada ya kupotezwa kwa huruma isiyo na maarifa.

Koala hunywa kwa kulamba, kichwa kikiwa kimeinama. Maji yake mengi huyapata katika majani, na mvua ikinyesha hulamba yanayotiririka kwenye gome la shina, jambo lililoelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2020. Ukimwinulia chupa hulazimika kurudisha kichwa nyuma, na maji yanayomiminika kwa kasi asiyoimudu huweza kuingia katika njia ya hewa badala ya umio. Yakifika mapafuni huleta nimonia, na koala anaweza kufa siku kadhaa baadaye ndani ya kizimba cha hospitali, huku aliyemnywesha akiamini bado kwamba alimwokoa.

Zaidi ya hayo, koala mwenye afya hamwendei binadamu kuomba maji. Ukimkuta ameketi chini mchana, wala hajali unapomkaribia, kuna uwezekano mkubwa kwamba ameungua, amegongwa na gari, ameng'atwa na mbwa au anaugua. Hata kiu yenyewe yaweza kuwa dalili: ugonjwa wa figo, unaojulikana sana kwa koala wa milima ya Mount Lofty huko Australia Kusini, humfanya mnyama anywe kupita kawaida. Kwa hiyo mwekee maji katika bakuli la kina kifupi, rudi nyuma, fungia mbwa, kisha upige simu kwa waokoaji wenye leseni. Kila mwenye gari ninamsihi aweke katika buti bakuli, taulo nene na kapu kubwa la nguo, kwa kuwa kapu hilo likifunikwa juu ya koala aliyeumia humzuia asipande mti kabla ya msaada kufika. Kapu hilo limenisaidia kuliko vifaa vingi vya bei kubwa.

Wapo pia wanaodhani kwamba kujitolea ni kukumbatia koala. Katika Hospitali ya Koala ya Port Macquarie, iliyoanzishwa mwaka 1973, na katika vituo vingine, wanaojitolea hufagia vinyesi, hufua taulo na hubadilisha majani. Mnyama anayetarajiwa kurudi porini hapaswi kuzoea mikono ya watu.

Majani nayo si ya mkaratusi wowote. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaoujua mti huu kwa kuni na nguzo za umeme huenda wakashangaa kwamba, kati ya aina zaidi ya 600, koala wa eneo moja hutegemea chache tu, na hata hizo huchagua vichipukizi. Ndiyo maana ukataji wa majani mabichi ni kazi ya kila siku. Wala hayamlevyi, kama wanavyodhani wanaomwona amelala mchana kutwa: yana lishe haba na sumu nyingi, na kuyasaga tumboni kunahitaji usingizi wa hadi saa 20 kwa siku.

Maziwa ya ng'ombe hayamfai mtoto wa koala hata kidogo. Hulishwa maziwa maalumu na mlezi mwenye leseni, na akikaribia miezi sita huhitaji kinyesi laini cha koala mkubwa ili apate bakteria wa kusaga majani. Ukimkuta mama amekufa barabarani, chunguza mfuko wake, lakini usimvute mtoto aliyeng'ang'ania chuchu.

Bakteria hao wa kusaga majani ndio sababu ninawakatalia wanaoniuliza kwa nini klamidia, ugonjwa wa kuambukiza unaowapata koala wengi, isitibiwe haraka kwa antibiotiki yoyote iliyopo. Dawa nyingi huwaua pia bakteria wa tumboni, na koala hudhoofu kwa njaa akiwa amezungukwa na majani. Daktari huchagua dawa kwa tahadhari, na sisi kila asubuhi humpima uzito na kuangalia majani aliyoyaacha, kwa kuwa kupungua kwa hamu ya kula ndiko hutuonya mapema kwamba tumbo limeanza kushindwa.