TV ya gari la kulala: igeuze usome mgongo wake kwanza

Wateja wanaokuja karakana kuwekewa TV kwenye magari ya kulala mbugani huanza na swali la inchi. Mimi huigeuza TV nisome kibandiko cha mgongoni, halafu cha adapta.

Adapta ikiwa inatoa 12V, TV hiyo haihitaji inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri wa 12V kuwa wa 230V kama wa nyumbani. Kama waya wa 230V unaingia moja kwa moja, huna budi kuweka inveta, nayo inajilia umeme wake hata TV ikiwa imezimwa. TV ya wati 30 huvuta ampea 2.5 kwenye volti 12. Ukitazama kwa muda wa saa nne, zimeondoka ampea-saa (Ah) 10. Betri ya asidi ya 100Ah ukitaka idumu utumie nusu yake tu, na friji inaisubiri hiyo hiyo usiku kucha.

Watu wanapounguzia TV ni hapa: betri ya 12V haikai kwenye 12. Ikijaa, gari likiwa limezimwa, husoma kama 12.7, injini ikiwaka, oltaneta, ile mashine ya kuchaji betri, huipandisha hadi 14.4 hivi. TV za magari hustahimili hayo. Ya nyumbani, hata kama adapta yake ni ya 12V, naomba sana usiiunge moja kwa moja. Weka kidhibiti cha volti kinachoshikilia 12, fyuzi ya ampea 5 karibu na betri, na waya wa milimita 2.5 za mraba. Waya mwembamba wa spika hupoteza volti njiani, TV ikazimika ilhali betri bado ina nguvu. Kabla ya kuchomeka, tazama kile kimchoro cha duara kwenye kibandiko: nukta ya katikati ikiungana na alama ya kujumlisha, chanya iko ndani ya plagi.

Kioo kiwe IPS, aina inayoonekana vizuri hata ukiitazama kwa pembe. Garini unatazama ukiwa umelala na TV iko juu. Kioo cha TN, aina nyingine, ukikitazama kutoka chini, sura za watu zinakuwa nyeusi. Inchi 24 zinatosha kabisa.

TV iliyotoka Marekani hupokea matangazo ya dijitali ya mfumo wa ATSC, huku kwetu ni DVB-T2. Ila mbugani mawimbi ni ya kubahatisha, kwa hiyo hakikisha inasoma filamu kwenye flashi.

Barabara ya Ngorongoro kwenda Seronera, yenye mikunjo kama bati, hulegeza kila skrubu. Chagua kishikio kinachokuruhusu kuichomoa TV, uilaze kitandani kioo kikielekea godoro, uifunge mkanda ndipo uondoe gari.